Niulize Mwalimu: Ufunguo niliokaa nao miaka miwili

Mwezi huu barua karibu zote zimezunguka jambo moja: shule zetu za Kusini mwa Tanzania na haya masomo mapya ya kompyuta, biashara na ufundi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa panapouma.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Jiografia sekondari ya kata, wilaya ya Tandahimba. Mwaka huu mkuu wa shule amenikabidhi na Sayansi ya Kompyuta kidato cha kwanza, kwa kuwa mimi ndiye kijana kuliko wote ofisini. Nina wanafunzi 64. Chumba kina kompyuta 11 za msaada, zinazowaka ni 4. Intaneti hakuna na umeme unakatika. Mpaka sasa nachora kibodi ubaoni, wao wanainakili kwenye daftari. Naogopa kuwaruhusu waguse zile nne. Zikifa nitajibu nini? (Mwalimu wa Tandahimba)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote.

Nilipokuwa nafundisha Fizikia katika shule moja ya pwani tulipewa kompyuta 12. Nikakabidhiwa ufunguo mimi. Niliziandika kwenye leja, nikazifunika kwa vitenge, nikafunga mlango. Niliogopa hivyohivyo unavyoogopa wewe. Wageni wakija nafungua, wanapiga picha, nafunga. Watoto walizoea kuja kuchungulia dirishani wakati wa mapumziko, nami nikawafukuza. Ilipita miaka miwili. Siku tuliyopanga hatimaye kuanza kuzitumia, nilifunua vitenge, nikawasha moja baada ya nyingine. Ziliwaka tatu. Hakuna mtoto aliyeziharibu. Upepo wa bahari ulikuwa umeingiza chumvi, vyuma vimeota kutu ya kijani, na panya walikwisha kula nyaya za nyuma.

Kidato cha nne cha mwaka ule waliondoka bila hata mmoja wao kubonyeza herufi. Alikuwemo binti mmoja hodari sana wa Hisabati, ambaye nilikutana naye miaka mingi baadaye stendi ya Mtwara. Alinisalimia kwa furaha, akanibebea mzigo. Katika mazungumzo akasema, bila kunilaumu, "Mwalimu, mimi kile chumba nilikiona kwa dirishani tu." Kauli hiyo ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo kwanza fungua mlango. Nenda kwa mkuu wako na daftari jipya, uandike juu yake "Kitabu cha Matukio ya Chumba cha Kompyuta", mkubaliane kwamba kila kinachoharibika kitaandikwa humo: siku, kilichotokea, nani alikuwepo. Anayeandika ukweli haadhibiwi. Hiyo ndiyo kinga yako siku ukiulizwa, na inawafundisha watoto namna karakana yoyote ya maana inavyoendeshwa.

Pili, anza na zile saba zilizokufa. Hizo ni vitabu vyako vya kiada. Chomoa waya ukutani, fungua mfuniko, waache waone. Vumbi la uwanda wa Makonde mnalijua wenyewe: litoeni kwa brashi laini ya rangi. Kuna vibao vyembamba vya kumbukumbu ambavyo mafundi huviita ramu. Vichomoe, sugua meno yake yanayong'aa kama dhahabu kwa ufutio wa penseli, pangusa, rudisha mpaka vishike sawasawa. Kompyuta inayolia bipu bipu bila kuleta picha, mara nyingi ugonjwa wake uko hapo. Nyingine kila ukiiwasha inasahau tarehe, inarudi miaka ya nyuma. Hiyo inataka betri ya duara kama ya saa, imeandikwa CR2032, inauzwa maduka ya vifaa vya umeme. Zisizoinuka kabisa zigeuze vipuri vya wenzake. Ila boksi la chuma linaloingiza umeme msilifungue, wewe wala wao. Ndani yake umeme hubaki hata waya ukiwa umechomolewa. Waambie hivyo kabla hujashika bisibisi.

Nimeona kwa macho yangu darasa likipata kompyuta mbili zaidi kwa ufutio wa penseli. Usitarajie zote saba, lakini watoto watakuwa wameijua mashine kwa tumbo lake, na woga utakwisha. Wa kwako pia.

Tatu, ratiba. Ukiomba vipindi viwili mfululizo unapata dakika 80. Wagawe watoto makundi manne ya 16, kila kundi dakika 20 kwenye mashine, wanne kwa kompyuta moja. Katika hao wanne mmoja anashika mausi na kibodi, wa pili anasoma hatua, wa tatu anaandika kilichotokea, wa nne anatafuta kosa. Kila dakika 5 wanabadilishana. Dakika 5 kwa juma ni chache, sikudanganyi. Lakini ndani ya mwaka huyo mtoto ameshika kwa mkono wake, na yule wa daftari hajashika kabisa. Na wasichana usiwaache wawe waandishi wa kundi kila siku. Bila mwalimu kusimamia hilo, wavulana watakaa kwenye mausi mpaka kengele.

Wale 48 wanaosubiri wape kazi ya kompyuta isiyohitaji kompyuta. Kata maboksi matano, uandike 16, 8, 4, 2 na 1, watoto watano wasimame mbele wakiyashika. Boksi likionyesha namba ni moja, likigeuzwa ni sifuri. Sema 13. Wenye 8, 4 na 1 wanaonyesha, wengine wanageuza, ubaoni inaandikwa 01101. Wakifika 31 maboksi yameisha, nao wenyewe watakuuliza 32 inaandikwaje. Usiwajibu upesi.

Siku nyingine waandike hatua za kupuliza salfa kwenye mikorosho, kama wanavyoziona nyumbani kuanzia mwezi wa sita. Mmoja atasoma hatua zake, mwingine azifuate neno kwa neno, kwa kuigiza. Lazima atakuwepo aliyeandika "washa bomba" kabla ya "tia dawa", au aliyesahau kitambaa cha puani. Hapo umeshawafundisha programu ni nini: maagizo yanayofuatwa na kitu kisichojua kukisia ulichokusudia.

Na kwenye mashine zenyewe, usiwaanzishe na kuandika majina yao kwa rangi. Waanzishe na korosho. Fungua programu ya majedwali ya hesabu, Excel, au LibreOffice ambayo ni ya bure, waandike safu ya kilo, bei na makato. Tuseme mzee ana kilo 640, bei ya mnada shilingi 3,200, makato yote shilingi 250 kwa kilo. Mauzo ni 2,048,000, makato ni 160,000, mkononi 1,888,000. Sasa waweke safu ya pili, ya yule mnunuzi wa kangomba anayekuja kabla ya msimu na pesa taslimu, shilingi 1,800 kwa kilo bila makato: 1,152,000. Waache mashine iwaambie tofauti ni 736,000. Namba hizo ni za mfano wangu. Wewe chukua bei halisi za AMCOS, chama cha ushirika wa wakulima, ya kijijini kwenu, mkiwa na ridhaa ya karani. Mtoto atakayepeleka karatasi hiyo nyumbani, wazazi hawatauliza tena kompyuta ina faida gani. Minada yenyewe siku hizi inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, na baba anayesubiri malipo ghalani ana haki ya kuwa na mtu nyumbani anayeuelewa mfumo huo.

Intaneti isikukwamishe. Ukishuka Mtwara mjini ingia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, upakue kwenye flashi vitabu vinavyoruhusu kupakuliwa. Pakua na programu iitwayo Kiwix pamoja na Wikipedia ya Kiswahili. Ukishaiweka kwenye kompyuta inasomeka bila mtandao kabisa. Na walimu wengi walipewa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Ulizia ofisini kwenu viko wapi. Vingine vimelala makabatini, kama zilivyolala zile 12 zangu.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni fundi pikipiki hapa Ruangwa, mwaka wa tisa huu chini ya mwembe. Sikusoma chuo. Shule ya jirani wanataka niwafundishe vijana injini, lakini mwingine ofisini kasema bila cheti haiwezekani. (Fundi wa Ruangwa)

JIBU: Fundi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Unapimwa kwa vitendo, penye pengo unaelekezwa, ukifaulu unapata cheti cha fani yako. Chuo kipo Lindi na kingine Mtwara. Nenda ukaulize tarehe za upimaji na gharama yake, na ubebe ushahidi wa kazi zako, hata picha za simu. Wakati unasubiri, mwambie mkuu wa shule akualike kama mgeni wa somo, mwalimu wa darasa akiwepo. Peleka injini mbovu moja, uifungue mbele yao. Shule inayokuita imefikiri vizuri, usiikatie tamaa kwa neno la mtu mmoja.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mwanangu amepangiwa kidato cha kwanza mkondo wa amali, yaani wa kusomea ufundi, fani ya umeme. Mjomba wake amekasirika, anasema amali ni ya watoto walioshindwa, na kwamba tulimsomesha ili akae ofisini. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, nawe unajua. Tena mdogo wake yuko msingi, naambiwa hatafika darasa la saba. Hii serikali inawafanyia nini watoto wetu? (Mama wa Mikindani)

JIBU: Dada yangu, tuanze na huyo mdogo kwa sababu jibu lake ni fupi. Sera ya elimu toleo la 2023 imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na kaka na dada zao wa darasa la saba la mtaala wa zamani. Kama mdogo yumo kwenye kundi hilo au yuko nyuma yake, hajanyimwa darasa. Kwa sera hiyo elimu ya lazima ni miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Jambo la kulifikiria mapema ni kwamba mwaka 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Kwenye kikao cha wazazi ulizeni madarasa na madawati yatatoka wapi, na ulizeni sasa.

Kuhusu mkubwa. Mkondo wa amali haukuwekwa kuwa jalala la walioshindwa. Mwanao atasoma Hisabati, Kiingereza na Historia ya Tanzania na Maadili kama wenzake, na juu yake fani. Mtoto anayehesabu mzigo wa nyaya za jengo zima anafanya Hisabati ngumu kuliko nyingi nilizofundisha mimi ubaoni.

Maneno ya mjomba nayaelewa yanakotoka. Sisi watu wazima tunakumbuka Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Wazo lilikuwa mtoto asome huku akifikiri na kuzalisha. Lakini katika shule nyingi tulizopitia, kujitegemea kuligeuka jembe na ndoo ya maji: mtoto analima shamba la shule, haambiwi kwa nini mbolea iwekwe, hajui mazao yaliuzwa shilingi ngapi. Aliyetoka huko akisikia "amali" anaona jembe lilelile limepakwa rangi mpya. Ana haki ya kuhofu, na hofu hiyo haiondoki kwa kumwambia sera ni nzuri.

Mpelekee na hili. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ilikuwa chini ya miguu yetu muda wote ambao shule zetu zilikuwa zikitoa vijana wanaojua kuichora kwenye ramani tu. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokuwa linajengwa, vijana wangu watatu wa zamani, wote wana vyeti vya kidato cha nne, walikwenda kuomba kazi. Waliulizwa nani ana cheti cha kuchomelea, wakatazamana. Walipata ya kubeba zege. Walirudi kuniona na viganja vimechunika, na mimi niliyewapa alama nzuri za Fizikia sikuwa na la kuwaambia. Niliwafundisha mkondo wa umeme kwa fomula miaka minne, na hawakuwahi kuunga soketi moja.

Tena Mtwara hatuanzii sifuri. Shule ya Ufundi Mtwara ipo, na katika nyumba hizo za Mikindani mjomba anawajua wazee waliopita shule za ufundi. Wapo wenye nyumba za matofali zilizojengwa kwa bisibisi na mita ya umeme. Amuulize mmoja wao.

Sasa hofu ya kweli iweke mahali pake. Ubaya haumo katika neno amali, unaweza kuwa katika karakana. Mkondo huu ulianza na shule chache na vifaa havilingani. Kwa hiyo kabla mjomba hajakataa, mwende naye shuleni siku ya kazi, msiende siku ya sherehe, na mwombe kuona. Karakana ipo, au ni darasa lililobandikwa kibao? Mwalimu wa umeme yupo shuleni, au anatarajiwa? Kila mtoto ana glovu na viatu vya kufunika? Angalia meza: kama zina makovu ya kazi, vipande vya waya chini, harufu ya risasi ya kuchomelea, jua watoto wanagusa. Kama vifaa viko kwenye makasha bado vina plastiki yake, uliza ufunguo anao nani. Nami najua ninachokisema.

Mkikuta mambo yako sawa, mruhusuni mtoto kwa moyo mmoja. Asisome huku nyumbani akiambiwa kila jioni kwamba ameshindwa. Mkikuta pungufu, pelekeni kwenye bodi ya shule mkiwa wazazi watano au sita, kwa maandishi. Mzazi mmoja husikilizwa na kusahauliwa.

SWALI: Shikamoo Bibi Mwalimu. Nipo kidato cha tatu Nachingwea. Jioni naazima simu ya mjomba, nauliza akili mnemba maswali ya shule, inanijibu vizuri kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wiki iliyopita mwalimu wa Historia alinirudishia insha, akasema siyo yangu, akanipa sifuri. Ni kweli niliinakili. Lakini Bibi, hiyo si ndiyo teknolojia tunayoambiwa tujifunze? (Msichana wa kidato cha tatu)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Umekiri mwenyewe bila kuulizwa, na hilo limenipa moyo wa kukujibu kwa uzito.

Ndiyo, ni teknolojia ya kujifunza. Wenzako wa Dar es Salaam wanaitumia kila siku, na ningesikitika wewe wa Nachingwea ukikatazwa. Lakini kwenye chumba cha mtihani wa NECTA hutaingia na simu. Utaingia na mkono wako na kichwa chako, na insha ile haikugusa hata kimoja kati ya hivyo. Sifuri uliyopewa ni ya haki. Nenda ukamwombe mwalimu radhi, umwombe uiandike upya hata kama alama hazitabadilika.

Halafu ibadilishe matumizi. Usiiambie "niandikie". Soma kwanza mada kwenye kitabu au daftari, kisha iambie: "Niulize maswali matano kuhusu mada hii, usinipe majibu mpaka nimejibu." Andika majibu yako kwenye karatasi, ndipo uitake ikuonyeshe ulipokosea. Insha yako ukishaimaliza kwa mkono, iulize hoja ipi ni dhaifu na kwa nini. Usiipe jina lako kamili, la shule yako wala picha yako. Na hesabu iulize njia, usiombe jibu, kisha zirudie bila kuitazama.

Jambo la mwisho ni la kwenu hasa. Nilijaribu mwenyewe juzi, nikaiuliza habari za reli ya Mtwara kwenda Nachingwea. Ikaniandikia kwa Kiswahili safi, bila kusita, kwamba treni hiyo inabeba abiria mpaka leo na ni mhimili wa uchumi wa Kusini. Reli ile ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Mradi ulikufa mwaka 1951, na reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu asiyetoka Kusini angeamini kila neno, kwa namna ilivyopangika. Mambo ya kwetu yameandikwa kidogo, kwa hiyo mashine hii inayakisia, na haikuambii kwamba inakisia.

Wewe unao watu ambao yenyewe haina. Kwa insha yako mpya mwombe mwalimu wa Historia akukubalie mada ya mradi wa karanga. Chukua daftari, tafuta babu au bibi aliyekuwa mtoto miaka ile, umwamkie vizuri, umuulize tuta la reli lilipita wapi na vyuma vyake vilikwenda wapi baada ya kung'olewa. Kisha iulize simu maswali hayohayo, uweke majibu ya wote wawili ukurasa mmoja, upande kwa upande. Niandikie alichokwambia babu.